Fundi Kofia wa Frizoni

Kwenye vitabu vya forodha kila kitu kina nambari yake. Mbuzi hai ana nambari, injini ya ndege ina nambari, na kofia ya kitambaa, iwe ya kadhi au ya mvuvi, ni 6505. Mfumo huo ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988 na leo karibu dunia nzima inaufuata, hata karani wa Guangzhou na karani wa Mombasa, wasioelewana neno moja, wakitazama tarakimu nne za mwanzo hujua wanazungumzia bidhaa ile ile. Kwa miaka kadhaa riziki yangu ilitoka humo. Nilikuwa karani wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa mizigo ndani ya Dubai Airport Freezone. Nilisoma ankara ya mteja, nikatazama mzigo wenyewe ikibidi, kisha nikaandika nambari inayostahiki.

Sisi tuliokuwa humo tulipaita Frizoni tu. Palianzishwa 1996, pamepakana na uwanja wa ndege upande wa Terminali ya 2, na majengo yake hayakupewa majina ya watu wala ya maua. Yanaitwa 4E, 6W, hivyo hivyo. Ndege zinapita karibu mno, mtu hujifunza kunyamaza katikati ya sentensi na kuendelea pale pale alipoachia. Sheria ya mahali pale ni ya ajabu ukiitafakari. Mzigo ukishushwa Frizoni umefika Dubai lakini haujaingia nchini. Haulipiwi ile asilimia 5 ya ushuru ambayo nchi za Ghuba zimekuwa zikitoza kwa pamoja tangu 2003. Unaweza kukaa rafuni, ukafunguliwa, ukafungwa upya, ukapandishwa ndege ya Nairobi au Entebbe au Dar es Salaam, na machoni pa forodha ikawa haujawahi kukanyaga mji. Nimewajua watu wengi walioishi Dubai kwa namna hiyo hiyo, miaka na miaka.

Siku moja ikaja katoni ya mteja anayeuzia maduka ya Nairobi. Ankara ilisema ni vitu vya kuchezea watoto, yaani 9503. Nilikata utepe nikatoa boksi moja. Juu yake palichapwa picha niliyoijua, ingawa sikukumbuka niliionea wapi: meza ndefu chini ya mti, msichana ameketi kwenye kiti kikubwa cha mikono mwisho kabisa wa meza, na wenyeji watatu wamebanana pembe moja. Mmoja ni sungura, wa pili panya mdogo aliyeshikwa na usingizi, wa tatu bwana mwenye kofia ndefu iliyochomekwa kikaratasi cha bei. Ndani hapakuwa na cha kuchezea. Palikuwa na kipande cheupe cha kitambaa cha Aida, kile chenye matundu yaliyopangwa sawasawa, na sindano butu, na kadi yenye nyuzi za rangi, na karatasi ya miraba iliyojaa alama.

Nilifungua kitabu nikapata 6308: seti za kitambaa na uzi za kutengenezea mazulia, vitambaa vya meza vya kutarizi na mfano wake, zikiwa zimefungwa tayari kwa kuuzwa rejareja. Nikaiandika. Lakini mtu aliyezoea kazi ile hasomi mstari mmoja, husoma na majirani zake, na katika sura ya 58, kwenye 5805, nikakutana na mapazia ya ukutani ya Gobelins na Aubusson pamoja na picha za kushonwa kwa sindano, na mshono wa msalaba umetajwa kwa jina lake. Wanasheria wa forodha si watu wa kutaja kitu bila sababu, na wameutaja. Kitambaa kile kile na uzi ule ule, vikiwa ndani ya boksi viko sura ya 63. Vikishamalizwa vinahamia sura ya 58. Hakuna kiwanda kati yake. Kuna mtu na sindano.

Mteja alipoona nimemwepusha na nambari ambayo ingemletea maswali Nairobi, aliniachia boksi moja la sampuli. Nadhani alifikiri nitampa mke wangu.

Mimi ni mtoto wa Lamu, na babu yangu mzaa mama alikuwa fundi kofia. Alikaa barazani asubuhi kabla kivuli hakijahama, miguu ameikunja, mbele yake vipande viwili vya bafta nyeupe vilivyokwisha kuchorwa kwa penseli: duara la juu na ukanda wa pembeni. Kofia ya viua haina haraka. Kila kitobo alikitoboa, akakizungushia uzi mpaka ukingo wake ukasimama, kisha akahamia cha pili. Viua vya kofia moja huhesabiwa kwa mamia, na kofia nzuri ilimkalia miezi. Kwetu hakuna anayeshangaa kumwona mwanamume na sindano. Wanawake hushona kofia ndani, wanaume hushona barazani, na fedha huingia nyumba ile ile. Nilianza kwa kumtungia uzi macho yake yalipopungua, baadaye nikapewa safu za chini, zile zisizotazamwa sana na mnunuzi. Nilipokwenda Mombasa kusoma, sindano ilibaki Lamu.

Mshono wa msalaba ni elimu nyingine. Kitambaa cha Aida cha kawaida kina miraba 14 katika inchi moja, na kila mraba unapata msalaba mmoja: mguu wa kwanza unalala huku, wa pili unapita juu yake kule. Uzi wa pamba una nyuzi 6 ndogo zilizokaa pamoja. Unazitenga, unashona na mbili. Hayo ni mepesi. Kilichonisumbua ni kwamba juu ya kitambaa hakuna mchoro. Babu alishona juu ya mstari wa penseli, jicho likaongoza mkono. Hapa kitambaa ni kitupu na picha yote iko pembeni, kwenye karatasi, alama kwa alama. Unakikunja mara mbili kupata kitovu chake, na kutoka hapo unahesabu: tatu kushoto rangi ya majani, moja ya kahawia, sita za kijivu. Unashona sikio la sungura bila kuona sungura.

Ofisi ya jirani palikuwa na mama wa Kipalestina, mhasibu, ambaye vijana wa Kiarabu walimwita khala, yaani mama mdogo, nami nikamwita vivyo hivyo. Alinikuta chumba cha kulia chakula, akanipokonya kitambaa bila kuomba, akakisogeza dirishani. Miguu ya juu ya misalaba yangu ilikuwa ikielekea kila upande. "Yote iende njia moja," alisema, "la sivyo mwanga utaanguka juu yake vibaya na kazi itaonekana chafu hata ukiifua." Yeye alikulia kwenye mshono huo. Kwao wanauita tatriz, na tangu 2021 UNESCO imeutia katika orodha ya urithi wa binadamu. Vifua vya kanzu za akina bibi wa Kipalestina vimejaa misalaba kama hiyo, na zamani mtu mjuzi aliweza kumtazama mwanamke kifuani akajua kijiji alichotoka. Aliniambia pia kwamba kati ya Wapalestina wa rika lake waliozaliwa nje ya nchi yao, wengi wameijua nchi hiyo kwa kuishona kabla ya kuiona, na wengine hawajaiona mpaka leo. Alisema hivyo huku akinirudishia sindano, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Wanaume wenzangu walikuwa na maneno. Mlinzi wa getini, Mganda mcheshi, aliniuliza kama ni daktari aliyeniagiza. Aliyenitetea ni kijana wa Lucknow wa idara ya ghala: kwao zardozi, ile tarizi ya nyuzi za dhahabu, ni kazi ya wanaume, na mjomba wake ameifanya maisha yake yote. Baada ya hapo niliachwa. Nilishona wakati wa mapumziko ya mchana, na usiku kitandani kwangu Al Qusais. Nasema kitandani kwa sababu ndicho nilichopanga. Dubai watu wa mshahara wetu hupanga kitanda, si chumba. Taa ndogo ya kubana nilinunua ili nisiwaamshe wenzangu.

Sasa niiseme chati, ile karatasi ya miraba. Naamini ilitengenezwa na kompyuta, maana hakuna binadamu ambaye angeweka msalaba mmoja wa rangi ya waridi katikati ya shina la mti. Na ili kueleza kwa nini ilinikera, lazima nimtaje mwenye picha.

John Tenniel alichora picha 42 za kitabu cha Lewis Carroll, Alice's Adventures in Wonderland, kilichotoka 1865. Alikuwa mtu wa jicho moja. La pili liliumia ujanani akicheza vitara na baba yake. Michoro yake ilipelekwa kwa ndugu wa Dalziel, mafundi wa kuchonga, nao wakaihamishia kwenye vipande vya mti mgumu, wakachimba kila palipotakiwa kuwa peupe na kuiacha mistari imesimama. Chapa ya kwanza, nakala 2,000, Tenniel aliikataa kwa kuwa picha hazikutoka vizuri, na Carroll, aliyekuwa akilipia uchapaji kwa fedha zake mwenyewe, akakubali kuanza upya. Vipande vyenyewe vya mti vilikutwa 1985 katika hazina ya benki moja London. Hawa walikuwa watu wa kugombania unywele mmoja.

Kwa hiyo picha hiyo asili yake haina rangi hata moja. Ni mistari myeusi tu. Mingine imesongamana ikawa giza, mingine imeachana ikawa mwanga. Kompyuta iliitazama mistari hiyo ikaigeuza kuwa miraba ya kijivu ya namna tano. Meza ilivumilia, mti ulivumilia, lakini uso wa yule bwana wa kofia ndefu, Fundi Kofia wa hadithi, wenye pua ile kubwa na mdomo usiofunga, ukawa uji. Niliushona kama nilivyoagizwa mpaka nikafika kwenye pua. Hapo nilitafuta picha ya asili, nikaichapisha kwa ukubwa wa kitambaa changu, na tangu hapo nyuso zote nilizitia mistari juu ya misalaba kwa uzi mmoja mweusi, kwa mshono wa kurudi, nikimfuata Tenniel na kumwacha aliyemgeuza.

Nilikuwa nimeanza na majani, meza na vikombe, eneo kubwa lisilo na raha, na naona sasa kwamba bila kazi ile ya kuchosha nisingethubutu kugusa nyuso. Chati ni maamuzi ya mtu, hata akijificha nyuma ya mashine. Ankara nayo ni hivyo hivyo: kuna aliyeamua kwamba seti ya kutarizi ni kitu cha kuchezea, labda kwa uzembe, labda kwa hesabu zake. Nilikuwa nimefanya kazi Frizoni muda mrefu nikiamini kuwa karani mwema ni yule asiyeongeza wala kupunguza. Kitambaa kile kilinionyesha kwamba anayehesabu kwa uaminifu, mraba kwa mraba, ndiye peke yake anayejua karatasi inasema uongo mahali gani. Anayeikataa kabla ya kuihesabu anabahatisha tu, hata kama amebahatisha sawa. Wapo makarani wengi wa aina hiyo, na wapo wakosoaji wa vitabu.

Rangi zilinipa mtihani mwingine. Gauni la samawati na nywele za manjano, ambazo kila mtoto wa leo anazijua, hazimo katika kitabu cha 1865. Tenniel alipozipaka rangi picha 20 kwa ajili ya The Nursery "Alice", toleo la watoto wadogo zaidi lililotoka 1890, gauni alilifanya la manjano. Samawati ilizoeleka baadaye, na filamu ya Disney ya 1951 ikaifunga mjadala. Basi boksi langu lilikuwa likinishikilia kwa jambo ambalo mchoraji mwenyewe hakulishikilia. Nyuzi zilihesabiwa kwa nambari za DMC, kampuni ya Kifaransa iliyoanza Mulhouse 1746, na kwa uso na mikono ya msichana nilipewa 948 na 754, mbili za ngozi ya Kizungu, moja ya mwangaza na moja ya kivuli.

Sikuzifungua. Nina binti, wakati ule akiwa darasa la pili Lamu, analelewa na mama yangu, na tangu siku ya kwanza kazi ile nilikuwa naishona kwa ajili yake. Siku ya mapumziko nilipanda Reli ya Kijani kituoni pale Frizoni nikashuka Al Ras, nikavuka mkono wa bahari kwa abra, dirhamu 1, mpaka soko la vitambaa la Bur Dubai. Mwenye duka alikuwa na Kiswahili cha bei, kile wanachofundishwa na wateja wa Kariakoo na Eastleigh. Alinimwagia nyuzi za kahawia mezani: 433, 434, 435, 801. Nilizilaza juu ya kifundo cha mkono wangu mmoja baada ya mwingine, kisha nikaomba ruhusa nikatoka nazo nje, kwa sababu taa ya dukani humfanya kila mtu kuwa mgonjwa. Juani hapakuwa na shaka. Nilichukua 434 kwa mwanga na 433 kwa kivuli, na 3371 kwa nywele, rangi inayokaribia nyeusi bila kufika. Mwenye duka alinifuata mlangoni, akatazama uzi, akatazama mkono, akasema, "Hii ya nyumbani."

Msichana alipoanza kuonekana kwenye kitambaa, nilimpigia mama simu ya picha kwa Botim, maana huko WhatsApp haipokei simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho nini unachoniwekea usoni?"

Nikasogeza kamera. Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na hana desturi ya kusifu kazi kabla haijaisha. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Si Elisi huyo?"

Nikamweleza kwa fahari kidogo jinsi nilivyombadilisha. Akanikatiza. "Umembadilisha nini? Elisi tuliyemsoma sisi alikuwa msichana wa Kiafrika."

Na kweli. Tafsiri ya Kiswahili ilitoka 1940, Elisi katika Nchi ya Ajabu, ikachapishwa London na Sheldon Press, na picha zake zilichorwa upya zikifuata za Tenniel, Elisi akiwa mtoto wa Kiafrika. Miaka 75 baadaye, 2015, Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili huko SOAS, London, alikifasiri upya kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Nami nilikuwa nimekwenda na kurudi Bur Dubai nikijiona mvumbuzi! Lakini sikuvunjika moyo. Nilifarijika. Mtu akiiacha chati peke yake husumbuka usiku akijiuliza kama ni maarifa au kiburi. Akijua wapo waliopita njia hiyo kabla hajazaliwa, hulala. Tenniel mwenyewe alichora juu ya kazi ya mwingine, kwa maana Carroll alikwisha kuchora picha zake za mkono kabla ya kumwajiri; Dalziel wakachonga juu ya Tenniel, mchoraji wa 1940 akapita juu ya wote, na kompyuta isiyojua pua ni nini ikanitengenezea miraba. Mimi ni wa mwisho kwenye foleni, na si wa mwisho.

Kofia niliiacha hadi mwisho. Bwana yule kwenye hadithi ni muuzaji. Kofia anayovaa si yake, ni ya kuuza, ndiyo maana ina bei. Katika picha ya Tenniel kikaratasi kinasema 10/6, shilingi 10 na peni 6. Chati haikuwa na nafasi ya maandishi madogo kama hayo ikaacha mraba mweupe mtupu, na bila bei bwana yule ni kichaa tu mwenye kofia, hana kazi. Kwa mtu wa pwani bei hiyo haihitaji mfasiri. Kwetu Lamu shilingi bado huandikwa kwa mkwaju, na enzi za ukoloni shilingi ya Afrika Mashariki ililingana thamani na ya Uingereza, ila yetu iligawanywa kwa senti. Kofia ile ingekuwa Mombasa ingeandikwa 10/50. Nilishawishika. Mwishowe nikaacha 10/6, kwa uzi mmoja, tarakimu ndogo za kuumiza macho, kwa sababu bei ni ya mwenye mali.

Lakini utepe unaozunguka kofia nilijipa ruhusa. Badala ya msalaba niliweka safu ya viua vya kweli, vyeupe. Aida si bafta. Imetiwa wanga na matundu yake yamezoea nidhamu, hayataki kufumbuka. Niliyapanua kwa ncha ya sindano ya babu, ambayo mama alinipa nilipokuwa nasafiri na ambayo mpaka siku ile ilikuwa imelala kwenye mfuko wa pasipoti, nikazungusha uzi, nikakaza, nikahamia cha pili. Vidole vilikumbuka kabla yangu. Kofia ya Kiingereza, kazi ya Kiamu, kwa shilingi 10 na peni 6. Kofia ya mkono iliyoshonwa vizuri leo huuzwa maelfu ya shilingi na bado mnunuzi husimama barazani akitaja bei ya enzi hizo. Wanunuzi wa kofia hawajabadilika.

Binti yangu, nilipomwonyesha kwa simu, hakujali kofia. Alitaka kujua kwa nini meza ni kubwa na watu ni wachache. Nilimsimulia: wale watatu walipomwona msichana anakuja walipiga kelele kwamba hakuna pa kukaa, na viti vitupu vimejaa pande zote.

"Akakaa?"

"Akakaa."

"Bila kukaribishwa?"

"Bila kukaribishwa."

"Hana adabu," akasema. Sauti ya bibi yake ikatoka nyuma: wasio na adabu ni wenyeji, mgeni hakatazwi kiti. Mtoto akashikilia kwamba kwanza hupigwa hodi. Mama akamwambia atazame vizuri kiti alichokalia, kikubwa, kina mikono, kimewekwa mwisho wa meza. Kile ni kiti cha enzi, na kiti cha enzi katika nyumba ya Lamu huwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima. Kama hawakutaka akikalie walikiwekea nani? Walibishana muda mrefu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jengo la Al Qusais, kwa sababu ndani wenzangu walikuwa wamelala, nami sikutia neno.

Ilipokwisha niliifua kwa maji baridi, nikaipiga pasi kwa nyuma juu ya taulo, nikamkabidhi jirani aliyekuwa anarudi Mombasa. Kutoka Mombasa ilisafiri kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti. Mama alipoipokea alinipigia yeye, jambo lisilo la kawaida. Aliigeuza kwanza akatazama nyuma, kama wanavyotazama wanaojua kofia, akasema nyuma ni safi. Kisha akaigeuza mbele, akapitisha kidole kwenye utepe wa kofia. "Viua vya kwanza viwili vimelegea. Babako mkubwa angevifumua." Alimaanisha babu. Nilimwambia viache, wateja watajua ni vya mkono.

Sasa nimerudi Lamu, na binti yangu amekua wa kutoa maagizo. Ameagiza paka. Ni yule paka wa kwenye tawi anayefutika kidogo kidogo, akianzia mkiani, mpaka likabaki tabasamu peke yake. Tenniel amemchora akiwa nusu yupo: mistari inaachana, inapungua, halafu karatasi. Chati za kununua zinamshona paka mzima, ambalo ni jibu la mvivu, au meno matupu, ambalo ni la mvivu zaidi. Kwenye miraba hakuna alama ya kitu kinachoondoka. Nimechukua daftari la hesabu la miraba, nachora chati yangu mwenyewe: kichwa misalaba kamili kwa nyuzi mbili, shingo misalaba kwa uzi mmoja, mgongo mguu mmoja mmoja tu bila wa pili, na baada ya hapo kitambaa kitupu. Meno nimeshayaamua, meupe, nyuzi mbili, yamepigiwa mstari mweusi. Mkia tunabishana. Mimi nasema ndio uliotangulia kuondoka, hadithi inasema hivyo. Yeye anataka uwepo, hata kama ni kwa uzi mmoja, la sivyo, anasema, watu watajuaje kuwa ni paka.